KAZI YA RAMANI: MLANGO UKO WAZI, TUSISIMAME NJE

Ndugu wanachama na wafanyakazi wote,

Katika mkutano wa tawi uliopita liliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale, nasi tuliahidi kulijibu katika gazeti hili. Swali lilikuwa hili: Je, hizi ramani za kompyuta zinazochorwa siku hizi zimekuja kutulisha au zimekuja kutula?

Walio kazi za ofisini huenda hawajui swali hili lilitoka wapi, basi tutawaeleza. Vijana watatu walitumwa na kampuni moja kupita katika kipande chetu cha reli. Walivaa makoti ya kung'aa, na mikononi walikuwa na simu kubwa na mti mrefu wenye chombo cheupe juu yake. Kila walipofika kwenye daraja, kalvati au ishara walisimama, wakabonyeza simu, wakapiga picha, wakaendelea. Genge letu lilikuwa likibadilisha mataruma karibu na hapo, na watu wakaanza kunong'onezana kwamba sasa kibarua kitaota nyasi, maana kompyuta ikijua kila kitu kilipo, nani atamhitaji tena mtu wa kutembea relini?

Lakini sikilizeni lililofuata. Vijana wale walipita mahali pamoja bila kusimama. Mzee wetu mmoja, mnyapara wa genge kwa miaka mingi, akawaita: "Vijana wangu, rudini. Hapa mmeacha kalvati." Wakamwambia, "Mzee, katika karatasi zetu hakuna kitu hapa." Mzee akachukua panga, akafyeka nyasi, akashuka mpaka chini, na mdomo wa kalvati ukaonekana, nusu yake umejaa udongo. Vijana wakashukuru sana na kulipima. Siku ile mzee aliwaonyesha mengine mawili. Jioni wakaenda zao, na ramani ikaenda nao. Jina la mzee halikuandikwa mahali popote, wala hakulipwa hata senti tano kwa kazi ile, naye ana kijana nyumbani aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi.

Ndugu, kisa hiki kidogo kina habari yote tunayotaka kuwaambia leo. Ramani hizi ni kazi, na kazi yenye milango mingi. Milango hiyo haijafungwa kwa watoto wetu wala kwetu sisi wenyewe. Lakini tukikaa kimya, maarifa yetu yataingia ndani na sisi tutabaki nje.

Kwanza yafaa tuelewe kitu chenyewe. Wataalamu hukiita Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, na katika matangazo ya kazi mtaona herufi tatu tu, GIS. Jina ni refu lakini jambo lenyewe si gumu. Chukua karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, chora reli peke yake. Chukua ya pili, chora mito. Ya tatu, chora nyumba za watu. Ya nne, barabara. Sasa zipange karatasi hizo moja juu ya nyingine, na utaona mara moja ni wapi mto unapita chini ya reli karibu na nyumba za watu. Kompyuta hufanya hivyo, lakini kwa karatasi nyingi kadiri utakavyo, na bila kuchoka.

Tena kila alama katika ramani ile ina kitabu chake. Ukigusa alama ya kalvati, inakuambia liko kilometa gani, upana wake, limejengwa kwa nini, lilisafishwa lini, na nani alilikagua. Unaweza kuuliza: "Nionyeshe makalvati yote ambayo hayajasafishwa tangu mwaka jana na yaliyo juu ya kijiji." Yatatokea yote kwa rangi nyekundu. Hiyo ndiyo nguvu ya kitu hiki, wala si picha nzuri tu.

Na mahali pa kila kitu hujulikanaje? Kwa setilaiti zinazozunguka juu ya dunia. Simu ya kawaida, mbingu ikiwa wazi, hukuambia ulipo kwa kukosea mita tano hivi. Chombo cha mpimaji, kile cheupe cha juu ya mti, hukosea sentimita chache tu. Lakini setilaiti haioni kalvati lililofunikwa na nyasi, na wala haiwezi kumwuliza mzee. Mtu lazima aende kwa miguu.

Jambo hili si geni duniani. Sisi tuliosoma shule za misheni tunakumbuka habari za Yoshua, aliyechagua watu watatu katika kila kabila ambalo lilikuwa halijapata urithi, akawatuma watembee katika nchi, waiandike kitabuni kwa mafungu saba, ndipo igawanywe. Hata reli yetu ilianza kwa ramani. Kabla ya kazi ya reli kuanza Mombasa mwaka 1896, Kapteni Macdonald na watu wake walikuwa wametembea na kupima njia katika miaka ya 1891 na 1892. Hakuna taruma lililolazwa kabla mtu hajapita kwa miguu na kupima, na waliobeba minyororo na mizigo ya wapimaji walikuwa watu kama sisi, ambao majina yao hayamo vitabuni.

Liko na jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui, nalo latupasa kulijua. Mawazo ya ramani hizi za kompyuta yana mzizi wake hapa Kenya. Mwaka 1960 kampuni moja ya Kanada, iitwayo Spartan Air Services, ya mji wa Ottawa, ilikuwa na kazi ya kutafuta mahali panapofaa kupanda miti na kujenga kiwanda chake katika Kenya. Zilihitajika ramani nyingi za udongo, mvua, miinuko na barabara, zilinganishwe zote pamoja. Kufanya hivyo kwa mikono kulionekana kuwa ghali mno. Mtu mmoja kijana wa kampuni ile, jina lake Roger Tomlinson, akaanza kuwaza kwamba huenda kompyuta ingeweza kuifanya kazi hiyo. Miaka miwili baadaye alikutana ndani ya ndege na ofisa wa serikali ya Kanada, Lee Pratt, ambaye nchi yake ilitaka kuorodhesha ardhi yake kubwa. Kutokana na mazungumzo yao ulianzishwa mfumo wa kwanza wa ramani za namna hii katika Kanada. Tomlinson alifariki mwaka 2014, na wenye kazi hii humwita baba wa GIS. Basi swali lililozaa kazi hii liliulizwa juu ya ardhi yetu. Si haki watoto wa ardhi hii wakawa wa mwisho kuifaidi.

Sasa tuseme juu ya kazi zenyewe, maana mzazi hawezi kumsomesha mtoto kwa jina tu. Ziko wapi?

Ziko serikalini. Katika hesabu ya watu ya Agosti 2019, kwa mara ya kwanza katika Kenya wahesabuji walitumia vyombo vya kompyuta badala ya karatasi, na kabla yao walitangulia watu wa ramani kugawa nchi nzima katika sehemu za kuhesabia. Mwaka 2021 Wizara ya Ardhi ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kuweka habari za mashamba katika kompyuta. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi uliojengwa juu ya ramani za GIS. Kaunti ni 47. Kila moja yahitaji watu wa kazi hiyo, wala si wa mara moja tu, kwa sababu ramani isiyorekebishwa huharibika kama reli isiyotunzwa.

Ziko katika maji na umeme, ambako kila nguzo, kila transfoma na kila bomba lapasa kujulikana lilipo. Ziko katika kilimo. Nzige walipoingia nchini mwishoni mwa mwaka 2019, watu walitumwa vijijini na simu ili kila kundi la nzige lionekane katika ramani na ndege za dawa zijue pa kwenda. Ziko katika hospitali na afya ya watu, katika misitu na mbuga za wanyama, katika makampuni ya kupeleka mizigo, katika ujenzi wa barabara. Na ziko relini.

Na kazi hizi si za namna moja. Yuko mkusanyaji, ambaye hutembea na chombo na kuandika alichokiona. Yuko mchoraji, ambaye hukaa kwenye kompyuta na kufuatisha picha ya setilaiti au ramani ya zamani, mstari kwa mstari. Yuko mpimaji ardhi. Yuko mrushaji wa ndege ndogo isiyo na rubani, ambaye ni lazima awe na kibali cha wakubwa wa usafiri wa anga. Yuko mtunza habari, ambaye kazi yake ni kama ya karani wa stoo, kuona kwamba kila kitu kiko mahali pake na hakuna kilichoandikwa mara mbili. Yuko mchambuzi, anayeuliza ramani maswali na kuwaeleza wakubwa majibu. Yuko mtunga programu. Na yuko mwalimu wa hao wote. Wa kwanza aweza kuanza na elimu ya kidato cha nne na mafunzo ya majuma machache. Wa mwisho yahitaji chuo kikuu. Lakini kuna ngazi kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na mtu aweza kuipanda.

Kwa mzazi anayeuliza mahali pa kumpeleka mtoto: Kiko Chuo cha Upimaji na Ramani cha Kenya, kiitwacho KISM, pale Ruaraka, Nairobi, kinachotoa diploma za upimaji, uchoraji wa ramani na kusoma picha za angani. Kiko Kituo cha Ramani za Rasilimali, RCMRD, pale Kasarani, kilichoanzishwa mwaka 1975 na ambacho ni mali ya serikali nyingi za Afrika pamoja. Na kwa mwenye alama za kutosha, masomo haya yapo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri. Mtoto anayetaka njia hii asikimbie hesabu na jiografia. Huo ndio ufunguo.

Na kwa asiye na karo, asikate tamaa upesi. Iko programu ya ramani iitwayo QGIS ambayo haiuzwi, hutolewa bure, na inatumika katika maofisi ya kweli. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa bure kwa kila mtu tangu mwaka 2008. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, mahali palipokuwa kama patupu katika ramani nyingi, walifundishwa kutumia vyombo vidogo vya kupimia, wakatembea mitaani mwao na kuandika visima, vyoo, shule, makanisa, misikiti na zahanati. Hawakungoja mtu wa mbali aje kuwachorea kwao. Kompyuta moja ya tawi, mwalimu mmoja wa kujitolea na Jumamosi kadha, hayo si mambo yasiyowezekana kwetu.

Lakini, ndugu, sisi si watu wa kuuza dawa sokoni, basi hatuna budi kuwaambia na ubaya wake.

Kwanza, kuna vyuo vya vichochoroni vinavyotoza pesa nyingi na kutoa karatasi isiyo na thamani. Kabla ya kulipa, uliza kama chuo kimesajiliwa na serikali. Wakikasirika ukiuliza, hilo ndilo jibu lako.

Pili, kujua GIS si kuwa mpimaji wa mipaka. Sheria ya Upimaji haimruhusu mtu yeyote tu kuweka mipaka ya shamba, lazima awe mpimaji mwenye leseni au mtu anayefanya kazi chini yake. Kijana akianza kugawa mashamba ya watu kwa simu yake ataingia matatani, na watu watapigana kwa sababu yake.

Tatu, kazi nyingi za kuanzia ni za mkataba wa miezi miwili au mitatu, nyingine za kulipwa kwa kila alama unayochora. Hakuna likizo, hakuna bima, na kompyuta ni yako mwenyewe. Hii ni kazi ya kipande, ile ile ambayo wazee wetu waliipinga, isipokuwa sasa imevaa tai. Vijana hawa nao ni wafanyakazi. Tusiwaone kuwa adui wanapopita relini, bali tuwaulize wana chama gani.

Nne, ramani ni kama nyundo, hujenga na hubomoa. Ramani ile ile inayoonyesha kalvati huonyesha pia nyumba ya mtu iliyo kando ya reli, na yaweza kutumiwa kumwondoa. Yeyote anayeandika habari za watu na nyumba zao lazima awaeleze anaandika kwa ajili gani. Iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo si ya matajiri peke yao.

Sasa turudi relini kwetu. Wengine watasema, kalvati moja ndani ya nyasi ni jambo dogo. Sisi tunakumbuka alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu. Mvua ilikuwa kubwa mno. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa kuwa njia ya maji iliyo chini yake ilikuwa imezibwa na miti, mawe na udongo. Yalipovunja tuta yaliwakuta watu wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Hatusemi kwamba ramani ingewaokoa, maana ramani haishiki sepeto. Tunasema kwamba kalvati lisiloandikwa halitumiwi watu wa kulisafisha, na lililoandikwa bila watu wa kulisafisha ni bure. Vyote viwili vyahitajika, ramani na genge. Atakayewaambia kwamba kimoja chatosha badala ya kingine hajatembea relini wakati wa mvua.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekubaliana kupeleka mbele ya waajiri mambo haya, nasi twawaomba wanachama muyasome na kuyajadili kazini kwenu:

1. Kila watu wa ramani wanapotumwa relini, wafuatane na mtu wa genge la mahali hapo. Siku hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya maarifa na ilipwe posho, na jina lake liandikwe pamoja na majina ya wapimaji.

2. Wafanyakazi wa njia, wanyapara na makarani wafundishwe kutumia vyombo hivi, katika saa za kazi na bila kukatwa mshahara. Mtu anayejua njia atajifunza simu kwa juma moja. Mtu anayejua simu hataijua njia kwa mwaka mmoja.

3. Nafasi za kazi za ramani zibandikwe kwanza katika mbao za matangazo za stesheni na karakana kabla ya kutangazwa nje.

4. Ramani zikiisha kutengenezwa zirudishwe kwa magenge, ili anayesafisha kalvati aione na aweze kuandika mwenyewe, "Leo limesafishwa," au "Leo limepasuka."

5. Mtu asipunguzwe kazini kwa sababu ya ramani mpya bila mazungumzo na chama.

Haya si maneno ya kupinga maendeleo. Baba zetu walipoona dizeli inakuja hawakulala mbele ya garimoshi. Walitaka wafundishwe kuiendesha na kuitengeneza. Nasi twaomba vivyo hivyo.

Upande wetu pia kuna kazi. Kila mjumbe wa stesheni aandike majina ya watoto wa wanachama waliomaliza kidato cha nne, na alama zao za hesabu na jiografia, alete kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Tutatafuta mtu wa kazi hii aje katika ukumbi wetu awaeleze vijana kwa kinywa chake, pamoja na kuwaonyesha. Wazee wa magenge waje pia, wasidhani kwamba ni mambo ya watoto. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno, na siku ile kando ya reli tuliona kwa macho yetu.

Kuhusu mzee wetu yule: kijana wake ndiye jina la kwanza katika orodha ya katibu. Na mzee mwenyewe alipoulizwa kama angependa kufundishwa kile chombo cheupe, alicheka, akasema miwani yake ni mibovu, kisha akauliza mafunzo yanaanza lini.

Umoja wetu udumu.

Wenu katika kazi,
Waandishi wa gazeti la tawi